Kuhusu mvinyo wa kilo 200 za zabibu: hilo pipa usilitumie kuhifadhia

Mkuu, subiri kwanza. Umesema una kilo 200 za Makutupora nyekundu, zabibu za mvinyo kutoka Dodoma, una pipa la plastiki la lita 200, na ukishakamua utarudisha mvinyo humo humo, ufunike kwa kitambaa "upumue" miezi mitatu. Hicho kitambaa ndicho kitakachokumalizia mtaji.

Piga hesabu. Kilo 200 ukizikamua vizuri zinatoa kama lita 130. Ukizirudisha kwenye pipa la 200, juu yake kuna lita 70 za hewa, tena hewa inayobadilika kila siku, maana kitambaa kinazuia inzi tu. Bakteria wa siki chakula chao ni pombe, na ili waile wanahitaji hewa. Kule Orléans, Ufaransa, mji uliojulikana kwa siki, watengenezaji waliacha mapipa bila kujaa kwa makusudi ili hewa ikae juu ya mvinyo. Yaani mpango wako ni mpango wa siki, hatua kwa hatua.

Wanaosambaza hili la "kupumua" ni hawa wauza semina za ujasiriamali. Wameona mtu hotelini anauzungusha mvinyo kwenye glasi kabla ya kunywa, wakahamishia stoo. Nusu saa mezani na miezi mitatu ndani ya pipa ni mambo mawili tofauti kabisa! Wanakusanya ada wanaondoka, na mtu anabaki na lita 130 asizoweza kumuuzia yeyote. Inaniuma kila nikiona mwingine anaelekea huko.

Hewa ina wakati wake, nao ni zile siku za mwanzo. Zabibu zikishapondwa na hamira ya mvinyo ikaanza kazi, gesi inayotoka inaukinga mvinyo, kwa hiyo hapo kitambaa kinatosha na pipa la plastiki linafaa, ila kilo 200 zote hazitatosha kwenye lako moja, maana maganda yakipanda yatamwagika. Maganda yatapanda juu na kutengeneza tabaka zito. Lizamishe kwa mti safi mara mbili au tatu kwa siku. Likikauka juu, siki inaanzia hapo hapo. Joto lisivuke nyuzi 30, maana kwenye 35 hamira inaanza kufa na sukari inabaki njiani.

Siku ya sita hadi ya nane, haidromita (kipimo kinachoelea, kinachoonyesha sukari iliyobaki) ikishuka mpaka 1.000 au chini yake, kamua. Kuanzia saa hiyo gesi inapungua na ulinzi unaondoka. Hamishia kwenye madumu sita ya lita 20, mapya au ya maji, kamwe si yaliyobeba mafuta. JAZA MPAKA SHINGONI, ubakize nafasi ya vidole viwili. Kinachobaki weka kwenye vidumu vya lita 5 na chupa za lita moja na nusu, navyo vijae. Toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba, ziba pembeni kwa nta, ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji: gesi inatoka, hewa hairudi.

Mapovu yakikoma, hamisha kwa mpira uache mashapo chini, ncha ya mpira ikae chini kabisa ya dumu jipya ili mvinyo usirukeruke. Hapo utapoteza lita kadhaa. Vile vidumu vidogo ndivyo vya kujazia. Weka potasiamu metabisulfaiti, unga wa kuzuia mvinyo kuharibika, gramu 11 kwa lita zote 130, iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo. Pima kwa mizani ya sonara, usikadirie kwa kijiko. Kisha kagua kila wiki, kilichopungua kijazie.

Ukiona utando mweupe juu, dumu halijajaa. Ukisikia harufu ya rangi ya kucha, dumu hilo litenge na usilichanganye na jingine; sukari haiurudishi, kuchemsha hakuurudishi.

Sukari: pima juisi kabla ya hamira. Kila gramu 17 kwa lita inaongeza kama asilimia moja ya pombe. Juisi yenye briksi 18 (yaani kama asilimia 18 ya uzito wake ni sukari) itaishia karibu na asilimia 10 ya pombe, kwa hiyo ukitaka 12 ongeza sukari kama kilo nne na nusu kwa mzigo wako wote.

Lebo na chupa ulizouliza zina miezi mingi mbele. Kama zabibu bado ziko njiani, leo nunua madumu, mpira na mizani.