Chuo kinaona nini? Maswali yenu kuhusu sera za TEHAMA na faragha

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi na wahadhiri, na karibu zote zina wasiwasi uleule: kwamba kuna mtu wa TEHAMA amekaa chumba cha seva akisoma mazungumzo yao. Nadhani hofu hiyo imeelekezwa siko. Twende kwenye maswali.

Siku ya usajili nilibonyeza "Nakubali" ili nipate akaunti. Sikusoma hata mstari mmoja. Nimekubali nini?
*Mwanafunzi, mwaka wa kwanza*

Umekubali yale ambayo karibu kila chuo huyaandika. Akaunti ni yako peke yako. Mtandao ni wa masomo, utafiti na kazi za chuo, na mambo yako binafsi yanavumiliwa kwa kiasi. Hutajaribu kuingia usikoruhusiwa, hutasambaza kazi za watu kinyume cha hakimiliki, hutatumia kompyuta za maabara kuchimba sarafu za kidijitali. Hayo hayana ubishi.

Cha kusoma mara mbili ni kile kipengele kifupi, mara nyingi huku mwishoni, kinachoanza na maneno kama "Chuo kina haki ya kufuatilia". Angalia kinataja sababu gani za kufungua akaunti ya mtu, idhini inatolewa na nani, na kama mwenye akaunti ataarifiwa. Sera inayosema "wakati wowote, kwa sababu yoyote" basi, imeandikwa na mtu mvivu au mwoga, na serikali yenu ya wanafunzi ina kila sababu ya kudai irekebishwe. Tena, palipo na sheria ya kulinda taarifa binafsi (Umoja wa Ulaya wanaitumia yao tangu 2018, Kenya walitunga 2019, Tanzania 2022), sera ya chuo iko chini ya sheria hiyo, hata ukibonyeza "Nakubali" mara mia. Sheria za namna hii humpa mtu haki ya kuomba aonyeshwe taarifa zake zinazotunzwa. Andika barua, uombe.

Nikitumia waifai ya chuo, wanasoma meseji zangu za WhatsApp? Na nikifungua kivinjari kwa hali fiche (incognito)?
*Mkazi wa bweni*

Meseji hawazisomi. Tangu 2016 WhatsApp husimba ujumbe kuanzia simu yako hadi simu ya unayemwandikia, na anayesimamia mtandao wa katikati hapati kitu cha kusoma. Tovuti nyingi nazo, zile zenye anwani inayoanza na https, huficha yaliyomo kwenye kurasa.

Ila mtandao una kumbukumbu zake, na hizo ndizo ningekushauri uzifikirie. Chukua mstari mmoja wa kumbukumbu, wa kubuni lakini wa kawaida kabisa: saa nane na dakika 14 usiku, akaunti yako, simu yako, kituo cha waifai cha ghorofa ya pili ya maktaba, jina la tovuti uliyofungua, kiasi cha data kilichopita. Hakuna hata neno moja uliloandika. Lakini mstari huo unasema ulikuwa wapi na saa ngapi, na ukiunganisha mistari ya muhula mzima unapata ratiba ya maisha ya mtu: anakolala, anakosali, anakaa na nani. Kwa hiyo swali la kuwauliza ni kumbukumbu hizo zinakaa muda gani kabla ya kufutwa, na nani anaweza kuzichambua. Kuzitumia kutafuta hitilafu ya mtandao ni jambo moja. Kuzitumia kujua nani alihudhuria mkutano wa wanafunzi ni jambo jingine kabisa.

Hali fiche haisaidii hapo. Inazuia kivinjari kisihifadhi historia kwenye kifaa chako, basi. Mtandao unakuona vilevile, na tovuti pia. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa madai ya kukusanya data za watu waliokuwa kwenye hali hiyo, na mwaka 2024 wakakubali kufuta rekodi kwa mabilioni.

VPN (huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva yake yakiwa yamefichwa) ya kununua inakificha chuo tovuti unazofungua, lakini aliyekuuzia VPN ndiye sasa anayeziona. VPN ya chuo chenyewe haikufichi chuo, inakupitisha kwao.

Kuna hali moja inayobadilisha mambo: chuo kikikutaka uweke cheti chao cha usalama kwenye kifaa chako, au ukitumia kompyuta inayosimamiwa na chuo. Hapo inawezekana kifundi kufungua hata mawasiliano yaliyosimbwa. Na kwa wanaotumia eduroam, ile waifai ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi: simu ikikuuliza kuhusu kuthibitisha cheti cha seva, usiruke hatua hiyo. Mtu anaweza kuwasha waifai bandia yenye jina hilohilo, na simu isiyothibitisha itamkabidhi vitambulisho vyako bila kusita.

Mkuu wa idara anaweza kuomba afunguliwe barua pepe yangu? Tumekuwa na mvutano.
*Mhadhiri*

Kuomba, anaweza. Kama atapewa, inategemea sera yenu imemweka nani mlangoni.

Kisa cha Harvard kinafundisha. Mwaka 2012 chuo kilikuwa kikichunguza udanganyifu mkubwa wa mtihani, na habari za ndani zikavuja kwenye vyombo vya habari. Viongozi wakaagiza akaunti za wasimamizi 16 wa mabweni ya wanafunzi zipekuliwe ili kujua nani aliyevujisha. Walitafuta kwenye vichwa vya barua, hawakusoma yaliyomo. Habari ilipotoka Machi 2013, utetezi huo haukumtuliza mtu. Wahadhiri walitaka kujua kwa nini wenzao hawakuarifiwa, na kwa nini uamuzi ulibaki mikononi mwa wachache ambao wenyewe walikuwa na jambo kwenye kesi. Mkuu wa kitivo cha shahada ya kwanza aliondoka kwenye wadhifa huo mwaka huohuo, na 2014 chuo kikapitisha sera mpya ya nani anaweza kufungua taarifa za mtu na kwa utaratibu gani.

Chuo Kikuu cha California kilikuwa na sera ya mawasiliano ya kielektroniki tangu mwaka 2000. Kwa kawaida mwenye akaunti anaombwa ridhaa kwanza. Ikishindikana, kwa sababu chache zilizotajwa, kibali kinatoka ngazi za juu kwa maandishi, na anayepekua anatakiwa aone kiasi kidogo kabisa kinachotosha kazi iliyompeleka. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo husahauliwa sana kwenye sera za kunakili na kubandika.

Kwako wewe: mvutano na bosi si sababu halali katika sera yoyote iliyoandikwa kwa akili. Omba nakala ya sera, soma nani anatoa kibali, na mambo ya daktari wako, wakili wako na chama chako yahamishie akaunti binafsi leo hii. Barua zilizotumwa kwa anwani ya chuo zinaweza kubaki kwenye seva ya chuo hata ukizifuta upande wako, kwa sababu ya nakala za akiba.

Rafiki yangu kafungiwa akaunti, ananiomba nenosiri langu apakue notsi tu. Nimpe?

Usimpe. Atakachokifanya kitaandikwa kwa jina lako. Mpakulie wewe.

Mwalimu wetu anasema Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni, inamwonyesha nani hakufungua notsi, na anataka kuitumia kuamua nani amedanganya kwenye jaribio. Ni haki?
*Kiongozi wa darasa*

Ni kweli inamwonyesha. Moodle hutunza jina, muda, ulichofungua na anwani ya mtandao uliyotokea. Tatizo ni anachodhani ameona. Kufungua faili si kuisoma, na kutofungua si kutosoma, maana notsi zikishapakuliwa na mmoja zinazunguka kwenye kundi la darasa ndani ya dakika tano.

Mwambieni asome habari za shule ya tiba ya chuo cha Dartmouth, Marekani. Mwaka 2021 wanafunzi 17 walituhumiwa kudanganya kwenye mitihani, na ushahidi mkuu ulikuwa kumbukumbu za Canvas, mfumo wa aina ya Moodle, zilizoonyesha kurasa za kozi zikifunguliwa wakati wa mtihani. Ikaja kubainika kwamba kifaa kilichoachwa kimeingia kwenye mfumo, hata kama kimelala mfukoni, kinaweza kuwasiliana na Canvas chenyewe na kuacha alama zinazofanana na za mtu anayesoma. Mashtaka yakafutwa na mkuu wa shule akaomba radhi. Hao walikuwa wanafunzi wa udaktari, na tuhuma ya namna hiyo ingeweza kumfuata mtu hadi kazini.

Kumbukumbu zinafaa kuanzisha maswali. Sera iseme wazi kwamba hazitoshi kumhukumu mtu, na kwamba mtuhumiwa ataonyeshwa kumbukumbu zenyewe, si muhtasari wa mwalimu. Na kabla ya mtihani, toka kwenye akaunti katika vifaa vyako vyote.

Kabla ya mtihani wa mtandaoni natakiwa nizungushe kamera chumba kizima. Nalala na wadogo zangu. Naweza kukataa?
*Mwanafunzi wa masafa*

Jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho huko Ohio aliamua Agosti 2022, katika kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Cleveland State, kwamba kumpekua mwanafunzi chumba chake kwa kamera kabla ya mtihani kulikiuka katiba ya Marekani, ibara inayozuia upekuzi usio na msingi. Uamuzi huo haukifungi chuo chako kama kiko nchi nyingine, lakini hoja yake unaweza kuipeleka popote: nyumba ni nyumba hata kamera ikiwa ya kompyuta yako.

Usisubiri asubuhi ya mtihani, maana ukikataa pale pale utaandikiwa kosa. Andika mapema, eleza kwamba chumba ni cha watu wengine pia, tena watoto, na pendekeza njia mbadala: chumba cha chuo, kituo cha jirani, au mtihani wa mdomo. Uliza pia video inatunzwa wapi, na nani, kampuni au chuo.

Nataka kuchambua makala elfu kadhaa kwa ajili ya tasnifu. Nimeandika kiprogramu kinachopakua chenyewe kutoka maktaba ya mtandaoni. Kuna shida?

Kubwa kuliko unavyodhani. Mikataba ya maktaba na wachapishaji kwa kawaida inakataza upakuaji wa mashine, na mchapishaji akigundua huenda akafungia anwani za chuo kizima, wiki ya mwisho ya tasnifu za wenzako. Aaron Swartz, mwanaprogramu wa Marekani, alipakua mamilioni ya makala za JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, kupitia mtandao wa chuo cha MIT mwaka 2010 na 2011. JSTOR walimalizana naye bila kesi, lakini serikali ya Marekani ilimfungulia mashtaka ya jinai, na alifariki Januari 2013 kabla kesi haijasikilizwa. Nadhani alitendewa kwa ukali uliopitiliza. Hata hivyo zima kiprogramu chako, nenda kwa mkutubi. Baadhi ya wachapishaji wana mlango rasmi kwa watafiti wa namna yako, na mkutubi ndiye anayejua pa kubisha.

Nahitimu mwaka huu. Akaunti yangu ya chuo itabaki?

Usiitegemee. Google walitangaza mwaka 2021 kwamba nafasi isiyo na kikomo kwa vyuo inaisha, na tangu hapo vyuo vingi vimepunguza nafasi au kufuta akaunti za wahitimu. Tarehe ya kufungwa iko kwenye sera, mara nyingi si siku ya mahafali. Anza na huduma ulizozisajili kwa anwani ya chuo, kwa sababu siku ukisahau nenosiri lake, kiungo cha kubadilishia kitatumwa kwenye sanduku usiloweza tena kulifungua. Ukimaliza hizo ndipo uhamishe data za utafiti, baada ya kumuuliza msimamizi wako zipi ni zako na zipi ni za mradi. Kama umechapisha makala yenye anwani hiyo, mwandikie mhariri akubadilishie, au jisajili ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, kwa barua pepe yako binafsi.