Kwa mnaoanza utafiti na ndugu zetu walioko nje: muhali uwekeni pembeni mapema

Assalaam alaykum wenzangu. Nawaandikia nyie mliomaliza shahada juzi juzi hapa Unguja na Pemba na saivi mmeanza kupokea simu kutoka London, Copenhagen, Toronto, kuna dokta au profesa wa kwetu yuko huko anafanya utafiti wa visiwa hivi na anataka mtu wa nyumbani wa kushirikiana nae. Ni kheri kubwa, ikubalini, ila kuna mambo mie niliyajua kwa kuchelewa na sitaki na nyie myajue hivo hivo.

Tatizo letu sie ni muhali, ile haya ya kumwambia mtu wako jambo usije ukamuudhi. Akija mgeni asiyetujua anakupa mkataba kurasa nne, unasaini, unajua siku zako na pesa zako, lakini ikifika zamu ya ndugu yetu hakuna karatasi, mana ni mtoto wa Mkunazini, babake kasoma na babako, msiba wenu alipiga simu na kutuma mchango wa hitma, sasa utamuulizaje jina langu litakaa wapi kwenye makala? Unaona aibu, unasema atajua mwenyewe. Na yeye huko pengine anaona haya kukuletea mkataba, asije akaonekana kajifanya mzungu kwa watu wake. Basi mnakaa kimya wote wawili na kazi inakwenda.

Kazi yangu ya mwanzo ya namna hii ilikuwa ya kina mama wa mwani, Jambiani na Makunduchi. Mwani wa kuuza hapa Unguja ulianzia Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa hivo wapo kina mama wenye zaidi ya miaka 30 pwani, na yule ndugu yetu wa nje niliyekuwa nafanya nae, Ami ndivo nilivokuwa namwita mana ni mkubwa sana kwangu, alitaka kujua pesa ya mwani nyumbani inashikwa na nani. Nikawa nafata bahari inavotaka, bamvua naenda pwani maji yakikupwa nakaa nao wanafunga mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vidogo, maji mafu nawafata majumbani. Saa moja ya sauti inanichukua saa sita kuiandika, na Kimakunduchi si cha kuandika kwa kubahatisha, Ami mwenyewe kaondoka mtoto hakisikii vizuri.

Kuna mama mmoja nilimuuliza pesa zako anaweka nani, akanijibu "mie sina changu". Ukisoma karatasi tu utaandika hana kitu. Lakini mie nilikuwepo, mama mkwe wake alikuwa kakaa kwenye mkeka anapepeta mchele, na yule mama wakati ananijibu macho yake yako kwenye ungo. Aliponisindikiza barabarani kusubiri gari, kinasa sauti nshakizima, ndo akanambia ana kikoba cha kuweka pesa na wenzake sita na mumewe hajui. Usiku ule ule nikayaandika kwenye daftari na Ami nikampelekea. Makala ilipotoka, mwaka na nusu baadae, hoja yake kubwa ilikuwa ile ile, kwamba kusema "sina" ndo namna ya kukilinda kilichopo. Mwandishi mmoja tu. Mie nimo kwenye shukrani mwisho kabisa, na wala sikutajwa jina, ni "na wote waliosaidia kazi za uwandani" tu. Kuifungua inataka dola, nikamuomba anitumie PDF nisome maneno ya daftari langu.

Sikusema kitu. Nilimpongeza.

Sasa muelewe, jina si hisani ya mtu. Kuna kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, wao wana masharti manne na hata fani nyengine nyingi zinayafata: uwe umechangia kwa uzito kuibuni kazi au kukusanya data au kuzichambua, uwe umeandika rasimu au umeipitia na kuikosoa kwa hoja, uwe umelikubali toleo la mwisho, na uwe tayari kuijibia kazi, hili la nne liliongezwa 2013. Na hapa ndo watu wetu wanapopotezwa. Unakusanya data, sharti la mwanzo umelitimiza, halafu rasimu huletewi, na ukiuliza unaambiwa wewe hukuandika kwa hivo hufai kuwa mwandishi. Mwongozo ule ule unasema aliyetimiza la mwanzo apewe nafasi ya kushiriki kwenye kuandika, kupitia na kuidhinisha. Kwa hivo nyie msianze kwa kudai jina, daini rasimu. Semeni siku ya kwanza kabla ya mahojiano ya kwanza, Ami mie ningependa kila rasimu niione, na ikija ya Kiingereza isikutishe, andika maoni yako kwa Kiswahili, atayasoma, ni chake pia.

Majarida mengi saivi yana orodha ya majukumu 14 inaitwa CRediT, kila mwandishi anaonesha kafanya nini. Kaeni muijaze mwanzo, hata kwenye wasap, halafu muitazame tena katikati mana kazi inabadilika. Kutafsiri halina kisanduku chake humo, na kwetu huku kutafsiri ndo nusu ya kazi, kwa hivo kubalianeni mapema mnaliweka wapi. Fungua na namba ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti, ni bure, sie majina yetu ni jina la mtu, la baba na la babu, na kina Ali Khamis Juma wako wangapi Pemba peke yake, utachanganywa nao.

Kibali pia. Zanzibar ina taratibu zake za vibali vya utafiti, cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Bara, hakikutoshi huku, na ndugu zetu wengine wanahisi kwao hakuna haja ya kibali. Ni kwao kweli, lakini anakuja na chuo cha watu na pesa za watu, na sheha akija kuuliza anayeulizwa ni wewe uliyebaki.

Na mie nisiwe mtu wa kulaumu upande mmoja, mana huku nyumbani tunadhulumu vilevile. Nimewaona kwa macho yangu vijana wamekaa barazani wanajaza madodoso ya watu ambao hawajaenda hata shehia yao, na yule wa nje analijengea jina lake lote juu ya uongo ule. Kuna wakubwa wanataka waandikwe waandishi kwa sababu wamesaini barua. Wengine wanamfanya mwenzetu benki, kila wiki ada ya skuli, dawa, simu, wakati yeye huko ana mkataba wa mwaka mmoja na hajui mwakani atakuwa wapi. Hayo ni haramu kama ya upande wa pili.

Ukitaka kuona ushirikiano uliokaa sawa tazama mpango wa Carnegie wa wasomi wa Kiafrika walioko Marekani na Canada, ulianza 2013 na Tanzania ikiwemo, chuo cha Afrika ndo kilikuwa kinaandika mradi kinaoutaka halafu msomi anakuja siku 14 mpaka 90. Swali lilianzia huku.

Mie na Ami tulikuja tukazungumza. Nilimtumia ujumbe mrefu, akanipigia usiku ule ule, kanyamaza sana kisha akasema mwanangu mbona hukunambia, nikamwambia nilikuwa na muhali, akasema na mie nilikuwa nao. Makala ya pili tukaiandika pamoja, na kabla hatujaipeleka nikachukua muhtasari wa Kiswahili nikaenda kuusoma Makunduchi. Yule mama alikuwepo. Kasubiri watu watawanyike, akaniuliza pole pole, "na yale niliyokwambia barabarani, na yale mmeyatia?"

Jina lake halimo. Lakini shehia imo, umri umo, kikoba cha watu saba kimo, nani pale asiyemjua. Na fomu ya ridhaa alisaini kwa ya kwenye kinasa, ya barabarani sikumuuliza, na ndo yale yale niliyokuwa nagombania jina langu juu yake. Nikamwambia mama mbona hukunikataza nisiandike, akasema "ntakukatazaje mwanangu, umetoka mjini na jua lote lile". Ya mwanzo ishatoka haifutiki. Ya pili mistari ile tuliitoa siku ile ile, na Ami akampigia simu mwenyewe kumuomba radhi.