Mvinyo mweupe wenye mapovu katika joto la Unguja: kuuchagua, kuupoza na kuumimina

Assalamu alaykum. Dada, umeeleza kuwa umekabidhiwa karamu ya harusi ya wageni 40 ufukweni Paje, mwezi wa Februari, na kwamba bibi harusi ameagiza "mvinyo mweupe mzuri wenye mapovu" bila ya kutaja jina, nawe hujapata kufungua chupa ya namna hiyo. Nimehudumu katika mikahawa ya hoteli kwa miaka 14, kwanza Kiwengwa, kisha Nungwi, na sasa Mji Mkongwe. Mimi mwenyewe sinywi wala sijapata kunywa. Ninayoyajua nimeyapata kwa macho, mikono na masikio, na kwa kutazama nyuso za wageni, ambazo husema kweli hata pale ulimi unapotia adabu.

Anza kwa kumuuliza bibi harusi jina analolikusudia. Watu wengi huita shampeni kila chupa yenye kizibo kinachoruka, lakini Champagne ni jina la eneo la kaskazini mashariki ya Ufaransa, pembezoni mwa miji ya Reims na Épernay, na mvinyo wa kwengine hauna haki ya jina hilo. Aliyeagiza Champagne akaletewa Prosecco ya Italia ni sawa na aliyelipia nguru akaletewa vibua: vibua ni vitamu, lakini siyo alivyolipia.

Tofauti yenyewe imo katika namna mapovu yanavyopatikana. Kwenye Champagne, mvinyo uliokwisha kuiva hutiwa sukari kidogo na hamira, ukafungwa ndani ya chupa ileile itakayouzwa, na gesi inayozaliwa humo, kwa kuwa haina pa kutokea, huyeyukia ndani ya mvinyo. Chupa hukaa kwa muda usiopungua miezi 15 kabla ya kuuzwa, na ile yenye mwaka wa mavuno kwenye lebo hukaa miaka 3 au zaidi. Kwa kulala huko juu ya hamira ndiko kunakotoka ile harufu ya mkate wa tanuri ambayo wageni huisifu, na ambayo hata mimi huinusa ninapomimina. Prosecco huchachushwa mara ya pili ndani ya tangi kubwa lililofungwa, kwa zabibu ziitwazo Glera, huuzwa ingali changa, na harufu yake ni ya matunda, hasa pea na tufaha. Cava ya Hispania hufuata njia ya chupa, na vivyo hivyo Cap Classique ya Afrika Kusini, ambayo chupa yake ya kwanza ilitengenezwa na shamba la Simonsig, Stellenbosch, kwa mavuno ya mwaka 1971.

Kwa karamu yako, rai yangu ni Cap Classique kwa wageni wote na chupa mbili za Champagne kwa meza ya maharusi, ikiwa fedha inaruhusu. Mvinyo wa Afrika Kusini haupatikani kwa tabu hapa kwetu, haukusafiri mbali sana, na njia iliyotumika kuutengeneza ni ileile. Na kama bibi harusi ana moyo na neno "mweupe", tafuta lebo yenye maneno Blanc de Blancs, maana yake mvinyo uliotoka kwa zabibu nyeupe peke yake. Champagne nyingi huchanganya Chardonnay, ambayo ni nyeupe, na Pinot Noir na Meunier, ambazo ngozi zake ni nyeusi. Maji ya zabibu hizo ni meupe, na yakitenganishwa upesi na maganda, mvinyo hubaki mweupe.

Jihadhari na neno moja kwenye lebo. Extra Dry, ambalo mtu angelidhani ni kavu kupita yote, yaani lisilo na utamu wa sukari, ni tamu kuliko Brut. Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita, Extra Dry ina gramu 12 hadi 17, na Demi-Sec ina 32 hadi 50. Nilipokuwa mgeni wa kazi, bwana mmoja aliniambia anataka iliyo kavu kabisa, nikampelekea Extra Dry kwa kujiamini, akaionja, akaniangalia kwa huruma, na chupa ikakatwa kwenye mshahara wangu. Chukua Brut, uitoe mapema, pamoja na chaza, kamba au pweza wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu. Usiitoe pamoja na keki, kwani mbele ya sukari ya keki Brut huonekana chachu na nyembamba. Kwa saa hiyo weka chupa chache za Demi-Sec.

Sasa nije kwenye joto, kwa sababu hapa Unguja ndipo karamu nyingi zinapoharibikia, na Februari ni kaskazi. Mwaka mmoja tulinunua makasha kwa duka ambalo ghala lake lilikuwa chini ya bati tupu. Lebo zilikuwa safi na bei ilikuwa ya kuridhisha, lakini tulipofungua, chupa tatu hazikutoa sauti yoyote, rangi ya mvinyo ilikuwa imezama kuelekea dhahabu ya kahawia, na harufu ilikuwa ya tufaha lililopondeka. Wageni hawakulalamika, waliacha tu bilauri zao nusu. Tangu siku hiyo siulizi bei kabla ya kuomba nionyeshwe zinapolazwa chupa. Ile iliyosimama dirishani kwenye jua usiinunue hata kwa nusu ya bei, hasa ikiwa kioo chake ni cheupe, kwani mwanga nao huuharibu mvinyo.

Chupa zifikishe Paje siku moja kabla, ili zitulie baada ya mitikisiko ya gari, kisha zipoze hadi baina ya digrii 6 na 10. Friji huchukua saa tatu hadi nne, ikiwa umeme haukukatika. Mimi huamini zaidi pipa la barafu na maji, nusu kwa nusu, ambalo huipoza chupa kwa dakika 20 hadi 30. Wengi hujaza barafu tupu wakidhani ndiyo nguvu zaidi, lakini vipande vya barafu huigusa chupa hapa na pale na huacha hewa katikati, ilhali maji huizunguka yote. Konzi ya chumvi ndani ya maji hayo huongeza kasi. Barafu agiza ya kutosha, na isiwe ile ya kuhifadhia samaki, maana niliwahi kumkabidhi bibi mmoja wa Kitaliana chupa ya thamani kubwa yenye harufu ya dagaa. Wala usizitie kwenye friza kwa haraka ukazisahau; mvinyo ukiganda hutanuka, na chupa hupasuka.

Ubaridi huo ndio pia unaokulinda wakati wa kufungua, kwani mvinyo wa moto hutoka kwa hasira. Ndani ya chupa mna mgandamizo wa angahewa 5 hadi 6, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari ndogo. Ondoa karatasi ya juu, weka kidole gumba juu ya kizibo na usikiondoe tena, kisha legeza waya, ambao kwa kawaida hufunguka kwa nusu mizunguko sita. Iinamishe chupa nusu ya njia, mdomo usielekee mtu wala taa, ukamate kizibo kwa kitambaa, na uzungushe chupa, siyo kizibo. Ukihisi kizibo kinasukuma, wewe kizuie. Sauti inayotakiwa ni pumzi ndogo. Mlio wa bunduki huwafurahisha wapiga picha, lakini humwaga mvinyo chini; kizibo changu cha kwanza kilivunja taa ya ukumbi.

Mimina kidogo, subiri povu lishuke, kisha ongeza hadi theluthi mbili za bilauri. Bilauri ndefu zenye mdomo uliobana kidogo zinatosha. Zile pana kama bakuli hupoteza mapovu upesi. Zisuuzwe sana, kwa kuwa mabaki ya sabuni na kitambaa chenye mafuta huyaua mapovu. Na kijiko kwenye mdomo wa chupa iliyobaki hakizuii kitu. Tumia kizibo cha chuma chenye mbano.

Kabla hamjaikubali tarehe, tazameni kalenda ya Ramadhani, kwa sababu miaka hii inaangukia Februari, na hata nje ya mwezi huo chupa zisikae mahali wanapopita watu wa kijiji na watoto wa skuli. Katika wahudumu wako, asiyependa kushika chupa mpe kazi ya madafu na juisi, na usimlazimishe.

Hesabu yako ni hii: chupa ya mililita 750 hutoa bilauri sita, kwa hiyo kumpa kila mgeni moja kunataka chupa 7. Nunua 10, kwa sababu moja inaweza kuwa imechoka na wapo watakaoomba ya pili, na kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba atazipokea zitakazorudi zikiwa hazijafunguliwa wala kuloweshwa lebo.