Lenzi ya 10X si ya kulehemea

Vijana wanaoanza ufundi simu huniuliza wanunue lenzi gani, na wengi huja wameshabeba ile yenye namba kubwa kuliko zote dukani. Mimi huwaambia hivi: kabla ya kuuliza lenzi inakuza mara ngapi, jiulize kazi yako itakaa umbali gani kutoka kwenye lenzi.

Hesabu yake nyepesi. Ikiandikwa 10X, gawanya 25 kwa 10: unachokitazama kitakaa kama sentimita 2.5 kutoka kwenye lenzi. Sasa hapo pasi ya kulehemu ipite wapi? Kwa kukagua ufa kwenye saketi ni sawa, ibane jichoni kama mafundi saa. Kwa kulehemu natumia taa ya mezani yenye lenzi ya dayopta 5. Dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi: gawanya 100 kwa namba yake, unapata sentimita 20. Mkono, kibano na pasi vyote vinaenea.

Miwani ya kusomea ni ukoo huohuo: ya +2.00, yaani dayopta 2, ina umbali wa fokasi (kutoka kwenye lenzi hadi mwanga wa mbali unapokusanyika) wa sentimita 50. Zote ni lenzi mbinuko, zinakusanya mwanga. Maumbo ndiyo yanatofautiana. Za kukuzia nyingi zimebinuka pande zote mbili. Ya miwani imebinuka nje na kubonyea ndani, kama mwezi mchanga, ili ukizungusha jicho maandishi ya pembeni yasiwe na ukungu. Nyingine ina upande mmoja bapa, utaikuta kwenye baadhi ya tochi. Ukiifungua, rudisha ubapa utazame balbu na mbinuko utazame nje, la sivyo mwali hautoki safi.

Umeokota lenzi isiyo na namba? Simama karibu na ukuta unaotazamana na dirisha, uisogeze mbele na nyuma mpaka jengo la mbali huko nje litokee ukutani, kichwa chini miguu juu. Picha ikikaza, pima kwa rula kutoka ukutani hadi kwenye lenzi. Huo ndio umbali wa fokasi. Picha ikigoma kabisa, huenda umeshika lenzi mbonyeo, ile ya wasioona mbali.

Na taa ya lenzi uifunike ukimaliza kazi, hasa meza ikiwa dirishani. Jua likipita humo linaweza kuunguza karatasi, na plastiki ya simu ya mteja pia.