Unataka kuandika tasnifu kuhusu ofisi ya dawa za kulevya ya kanda? Soma hapa kwanza

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii. Anasoma shahada ya uzamili ya utawala wa umma, na anataka tasnifu yake iwe juu ya historia na muundo wa ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ile ambayo wote tunaiita DCEA. “Shikamoo kaka. Msimamizi wangu anasema mada haina data, nitafute nyingine. Wewe ulifanyaje? Na je, mirungi na bangi niviweke sura moja?”

Marahaba, mdogo wangu. Nimecheka, halafu nikanuna. Hayo ya data ndiyo niliyoambiwa mimi, na mtu ambaye sitamtaja, wala chuo chake sitakitaja. Yeye alikwenda mbali zaidi: “Hiyo kazi ya polisi. Wewe mtu wa utawala, kaandike ukusanyaji wa mapato ya halmashauri.” Aliyasema mbele ya wenzangu, nao wakacheka. Leo tasnifu yangu juu ya Kanda ya Kaskazini imefungwa jalada gumu jeusi, maandishi ya dhahabu. Nimeitetea mbele ya jopo, na marekebisho niliyopewa yalihusu koma na vichwa vya majedwali. Yule bwana alikuwepo ukumbini. Hakuuliza swali hata moja.

Sasa tuingie kazini. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na utauona nikiurudia: anza na sheria, usianze na habari za ukamataji.

Karibu kila andiko la wanafunzi nililolisoma juu ya mada hii linaanza na tani. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa, na tangu hapo takwimu hiyo imekuwa aya ya kwanza ya kila mtu. Ni takwimu nzito, sikatai. Lakini haikuambii nani ana mamlaka ya kuingia nyumbani kwa mtu na kupekua, nani anaripoti kwa nani, wala kwa nini leo kuna ofisi Arusha na Mwanza wakati miaka ishirini iliyopita hapakuwa na kitu. Ukianza na tani utaandika sifa au lawama. Historia ya ofisi hutaiandika.

Mimi nilianza na swali ambalo lilionekana la kitoto: kwa nini kanda? Jibu halikutoka kwa mtu yeyote. Lilitoka kwenye sheria mbili nilizoziweka mezani pamoja, moja kushoto, nyingine kulia.

Ya kwanza ni ya 1995, sheria namba 9 ya mwaka huo. Ndiyo iliyozaa Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Wakati ule nchi nyingi zilikuwa zikirekebisha sheria zao ziendane na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya, na sisi hatukubaki nyuma. Soma majukumu ya Tume taratibu. Inaratibu, inashauri, inaelimisha, inakusanya taarifa. Kukamata hapana. Kupekua hapana. Kupeleleza hapana. Hayo yalibaki kwa polisi na kikosi chao cha kuzuia dawa za kulevya, pamoja na forodha na wengine. Tume ingeweza kujua kila kitu kuhusu shehena na bado isiwe na uwezo wa kumgusa mwenye shehena.

Ya pili ni sheria namba 5 ya 2015. Hapo ndipo Mamlaka ilipozaliwa, na uwezo wa kukamata, kupekua, kuzuia mali na kuchunguza ukaandikwa waziwazi. Juu yake kuna Baraza la Taifa ambalo mwenyekiti wake ni Waziri Mkuu. Kiongozi wa Mamlaka ni Kamishna Jenerali anayeteuliwa na Rais, na chini yake wapo makamishna wa operesheni, intelijensia, sheria, na kinga na tiba.

Umeona tofauti? Chombo cha kuratibu kinatosheka na ofisi moja, mafaili na ukumbi wa mikutano. Chombo cha kukamata kinahitaji miguu, na miguu lazima iwe karibu na shamba, mpaka na barabara. Hiyo ndiyo hoja ya tasnifu yangu nzima, na ndiyo iliyonyamazisha ukumbi. Ofisi za kanda ni matokeo ya maneno machache yaliyoongezwa kwenye sheria. Huyo anayekwambia hakuna data hajafungua sheria hizo mbili siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaligusi. Sheria ilipitishwa 2015, lakini Kamishna Jenerali wa kwanza, Rogers Siyanga, aliteuliwa na Rais Magufuli Februari 2017. Unakumbuka Februari ile ilivyokuwa. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alikuwa akitaja majina ya watu hadharani, magazeti yanawaka, wasanii wanaripoti polisi. Katikati ya vumbi hilo Mamlaka ikapata kichwa. (Makonda huyohuyo baadaye, 2024, akaletwa kwetu Arusha kuwa Mkuu wa Mkoa. Historia ina utani wake.) Mwaka huohuo wa 2017 sheria ikafanyiwa marekebisho kwa sheria namba 15. Kwa hiyo ukiandika “Mamlaka ilianza 2015” jopo litakukamata, na ukiandika “ilianza 2017” litakukamata vilevile. Andika yote mawili na ueleze pengo la katikati. Mimi pengo hilo nililipa sura, na sijutii.

Zanzibar usiiguse, isipokuwa uwe tayari kusoma sheria nyingine kabisa. Kule walikuwa na tume yao, na sheria yao namba 8 ya 2021 ikawapa mamlaka yao. Nimeona mtu kachanganya hizi mbili kwenye jedwali moja. Nilimhurumia.

Turudi kwenye kanda. Kila kanda ina adui wake, na ukishalielewa hilo, muundo wa ofisi unaanza kueleweka. Pwani kazi kubwa iko majini: heroini inayotoka upande wa pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, ikivuka Bahari ya Hindi kwa majahazi. Huku kwetu Kaskazini hakuna bahari. Tuna miteremko ya Mlima Meru, ambako Kisimiri Juu wilayani Arumeru imetajwa mara nyingi kwa mashamba ya bangi. Tuna milima ya Upare, wilaya ya Same, kwenye mirungi. Tuna mpaka wa Namanga, na Holili upande wa Kilimanjaro. Anayefanya operesheni hapa anapanda mlima kwa miguu na kung'oa mimea. Anayefanya operesheni Pwani anahitaji boti. Wewe wa Kanda ya Ziwa itabidi ufikirie bonde la Mto Mara, Tarime, pamoja na ziwa lenyewe na nchi zinazolizunguka. Usinakili sura yangu ya jiografia. Nasema hivi kwa sababu najua utatamani.

Ndani ya ofisi ya kanda utakuta mkuu wa kanda, watu wa operesheni, watu wa sheria, na afisa elimu jamii ambaye ndiye unayemwona shuleni, misikitini, makanisani na kwenye redio. Vijana hupenda kumruka afisa elimu jamii kwa sababu habebi silaha kwenye picha. Mimi nilimpa kurasa nyingi kuliko operesheni. Elimu ndiyo kazi iliyorithiwa moja kwa moja kutoka Tume ya zamani, ndiyo uzi unaounganisha 1995 na leo. Upande wa tiba nao una mizizi kabla ya Mamlaka: kliniki ya methadoni ya Muhimbili, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, ilifunguliwa 2011, enzi za Tume.

Sasa data. Hapa ndipo nitakapojisifu kidogo, mniruhusu.

Nilipoambiwa hakuna data nilienda TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama zetu. Ni bure. Hukumu za bangi na mirungi kutoka Arusha na Moshi ziko nyingi kiasi kwamba shida yako itakuwa kuchagua. Na hukumu moja ya Mahakama ya Rufani inakueleza kazi ya ofisi kuliko mahojiano ya wiki nzima. Nani alikamata. Nani alikuwa shahidi wa upekuzi. Kielelezo kilikaa kwa nani usiku ule, kikapelekwa lini kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa fomu gani, nani alikipokea, kilirudi na lakiri ileile au nyingine. Ofisi ya Mkemia Mkuu nayo ina kanda zake, na bila taarifa yake upande wa mashtaka hauna njia rahisi ya kuthibitisha kwamba yale majani ni bangi. Kisha jalada linakwenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Mamlaka haiendi yenyewe tu mahakamani kwa sababu imekasirika.

Utakuta watu wameachiwa kwa rufaa baada ya kufungwa miaka 30, kwa sababu mnyororo wa kielelezo ulikatika mahali. Gunia lilikamatwa, ndiyo, lakini hakuna aliyeeleza lilikuwa wapi siku mbili. Wakati nasoma hizo hukumu ndipo nilipoielewa sheria. Kila kifungu kinachochosha juu ya fomu na saini kipo pale kwa sababu kuna kesi inaweza kufia hapo. Mtu wa utawala akiona hilo, anaona mada yake. Si ya polisi peke yao, bwana mkubwa.

Kuhusu vibali sina mengi. Barua ya chuo, kisha Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, kisha watendaji wa kata. Kwa Mamlaka andika kwa Kamishna Jenerali, usiende mlangoni ofisi ya kanda na daftari. Anza mapema. Barua zina mwendo wake.

Vijijini nilikwenda, na hapo nina jambo la kusema kwa nguvu. Usimuulize mtu kama analima. Usiulize nani analima. Nilikaa na mzee mmoja upande wa Arumeru, nikamuuliza habari za viazi: bei, gari, barabara wakati wa mvua. Aliongea mpaka chai ikapoa. Viazi vinamfikia dalali vikiwa vimeoza nusu, mbolea imepanda, mtoto yuko sekondari. Kuhusu kilimo kile kingine hakusema neno, nami sikumuuliza, lakini sura ya tatu ya tasnifu yangu ilizaliwa pale. Nilipotoka aliniuliza kama nasomea ukachero. Nikamwambia nasomea mafaili. Akasema afadhali.

Jamani, wanafunzi wa leo mnataka dodoso la mtandaoni, majibu yaje kwa simu, mtie kwenye programu, mtoe asilimia, mmalize. Halafu mnalalamika ajira hakuna. Utafiti wa ofisi ya serikali unafanywa na matako kwenye kiti na macho kwenye sheria. Anza na sheria. Soma kanuni zake, za 2016, soma hotuba za bajeti ya Ofisi ya Waziri Mkuu, soma taarifa za kila mwaka za hali ya dawa za kulevya, ambazo Mamlaka yenyewe inazitoa. Soma kumbukumbu za Bunge. Yote haya yapo wazi, na aliyekwambia hayapo hakutaka kusumbuka nawe. Wengi wa wasimamizi si wabaya, wamechoka tu, wana wanafunzi wengi. Lakini uchovu wao usiwe mwisho wa mada yako. Mwandikie ukurasa mmoja wenye orodha ya hukumu kumi na vifungu vitano, umwekee mezani. Mimi nilifanya hivyo na sahihi ilipatikana, ingawa hakunitazama usoni.

Na ukikutana na taarifa ya kweli ya biashara hiyo huko vijijini, usiiweke kwenye tasnifu. Kuna namba ya bure, 119. Tasnifu inakaa maktaba na kila mtu anaisoma.

Umeuliza mwisho kama mirungi na bangi viwe sura moja. Hapana, vitenganishe. Kwenye sheria yetu vyote ni mimea iliyokatazwa, na kwenye taarifa za ukamataji vinapangwa mstari mmoja, lakini kwa ofisi ya kanda iliyo mpakani ni kazi mbili. Bangi imekatazwa huku na ng'ambo. Mirungi, ambayo wenzetu wanaiita miraa, ni zao halali la biashara Kenya, la Meru yao, lina wakulima wake na wanasiasa wake. Gunia lilelile ni bidhaa asubuhi na kosa la jinai likishavuka Namanga. Ofisa wa kanda hawezi kumtegemea mwenzake wa ng'ambo alizuie, kwa sababu kule hakuna kosa. Kwa Kanda ya Ziwa angalia Sirari, ndio mpaka wenu wa Tarime na Kenya. Nitumie sura ya kwanza ikiwa tayari, nitaisoma.