Laptopu mpya inazima yenyewe, kituo cha huduma kinasema "imeingia maji"

Swali: Salamu fundi. Nilinunua laptopu mpya katika duka moja Nairobi kwa Sh78,000, nikalipa kwa M-Pesa. Kabla sijaondoka, kijana wa dukani aliifungua akaniongezea RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kutoka GB 8 hadi 16. Wiki ya tatu ikaanza kuzima yenyewe, hata ikiwa kwenye chaja. Nilipomwandikia muuzaji kwa WhatsApp akanielekeza kituo cha huduma cha mtengenezaji. Wamekaa nayo siku 19, kisha wakanirudishia na karatasi ya mstari mmoja: imeingia maji, waranti haipo tena, nikitaka madabodi (bodi kuu ya umeme ya laptopu) mpya nilipe Sh34,000. Wallahi haijaguswa na tone la maji. Muuzaji naye anasema hayamhusu. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Pole sana dada yangu. Kwanza kabisa, usilipe hizo Sh34,000, na usimpe fundi yeyote wa mtaani aifungue. Akishaifungua mtu mwingine, lawama zote zitahamia kwake na wewe utabaki huna pa kushika.

Anza na hiyo karatasi. Mtu hawezi kukunyima haki ya Sh78,000 kwa mstari mmoja. Waandikie barua pepe, usipige simu, uwaombe picha za madabodi zinazoonyesha mahali palipoharibika pamoja na siriali nambari ya mashine. Maji yakimwagika kwenye laptopu mara nyingi hupenya kwenye kibodi, na huacha alama: kutu ya kijani au unga mweupe kwenye miguu ya vijisehemu, au doa lenye ukingo kama lile linaloachwa na kikombe mezani. Chai ya maziwa ndiyo mbaya zaidi, maana sukari yake hunata. Baadhi ya watengenezaji pia hubandika ndani vibandiko vidogo vyeupe ambavyo hugeuka vyekundu vikilowa. Huenda ndicho walichokiona. Lakini kibandiko chekundu kinasema tu kwamba unyevu ulifika hapo. Hakisemi ulifika lini, wala kwamba ndio ulioua bodi. Kwa hiyo waulize kwa maandishi: kijisehemu gani kimekufa, na alama ya maji iko wapi ukilinganisha nacho?

Wakati unasubiri jibu, kama inawaka hata dakika kumi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Itakuja chati ya siku kwa siku yenye alama nyekundu kila siku mashine ilipozima vibaya. Ipige picha kwa simu, tarehe zionekane. Haitakuambia chanzo, ila itaonyesha ugonjwa ulianza lini, na ukiiweka kando ya ujumbe wako wa WhatsApp hakuna atakayesema umeyazua juzi. Nakili kazi zako zote, halafu izime na uiache. Ukiendelea kuitumia kila siku watasema umeikubali.

Sasa jambo linalonikera katika kisa chako: ile RAM. Laptopu mpya ilifunguliwa juu ya kaunta kabla hujaibeba. RAM isiyokaa sawasawa huifanya mashine igande au ijiwashe upya, na skrubu moja iliyoanguka ndani inatosha kugusanisha njia mbili za umeme. Nimewahi kuikuta skrubu ya namna hiyo chini ya feni. Sisemi ndicho kilichotokea kwako, bali muuzaji hawezi kusema hayamhusu wakati mikono ya mwisho kuingia ndani kabla yako ilikuwa ya kijana wake. Tazama sanduku na risiti. Sanduku likisema GB 8 na risiti ikisema GB 16, tofauti hiyo ni ushahidi. Weka vyote viwili.

Wengi hupotea hapa: wanagombana na mtengenezaji miezi, ilhali pesa walimpa muuzaji. Waranti ya kiwandani ni ahadi ya ziada. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 kinamhesabu anayekuuzia kuwa amekuhakikishia bidhaa yenye ubora unaofaa, na maneno kama "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hayamwondolei wajibu huo. Mwandikie barua ya kudai: tarehe ya ununuzi, bei, siku ulipolalamika mara ya kwanza, na unachotaka. Mimi ningedai mashine nyingine au pesa zangu, si matengenezo. Mpe siku 14.

Unaweza pia kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ila kwa kiasi hiki ningetegemea zaidi Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Hakikisha tu unamshtaki mwenyewe hasa: jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa mara nyingi si lile lililo kwenye bango la duka.

Picha za madabodi zikija, nitumie. Nikiona kutu kwenye sehemu ya umeme nitakuambia wazi, kwa sababu hapo dai lako litakuwa dhaifu na ni heri ulijue kabla ya kupanda basi la Nairobi.