Maswali yenu: Kuvuka kwenda Shelisheli kwa yoti ndogo

Maswali ya safari ya Shelisheli yamekuwa mengi msimu huu. Karibu yote yanauliza vifaa vya kununua, na machache mno yanauliza hali ya chombo. Hayo machache ndiyo nitakayoyajibu kwa urefu.

Nina likizo Julai. Naweza kutoka Kilifi mwezi huo?

Usitoke. Julai Kusi inavuma fundo 20 hadi 25 kutoka kusini-mashariki, nawe unaelekea mashariki. Ni bisho, yaani kwenda dhidi ya upepo, mwanzo mwisho, huku mkondo wa pwani ukikusukuma kaskazini, upande wa Somalia. Hadi Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ni maili 950 hivi za baharini. Kwa kugeuza tanga huku na huku zitapita 1,300.

Mimi ningetoka kati ya Januari na katikati ya Machi. Kaskazi ni laini kuliko Kusi, na kadiri unavyokaribia Mahé upepo huzunguka ukawa wa kaskazini-magharibi, ukawa unakusukuma. Miezi hiyo, kusini kidogo ya ikweta, hata mkondo hutiririka kwenda mashariki. Utakutana na mvua za ghafla zenye upepo mkali, kwa hiyo punguza tanga kabla giza halijaingia. Na kama mwajiri amekupa wiki mbili tu, ahirisha safari. Mwenye tarehe ya kurudi kazini huondoka hata hali ya hewa ikimkataza, na hilo nalikemea kila mwaka.

Tukitoka Februari, tunaweza kupitia Mayotte?

Hapana. Kimbunga Chido kiliipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, na msimu wa vimbunga huko ni Novemba hadi Aprili. Mahé iko karibu na ikweta, nje ya njia yao. Mayotte na Ngazija haziko hivyo. Wanaoniandikia kwamba pwani yetu haina vimbunga wakumbuke Hidaya ya Mei 2024 kule Mafia, na kile cha Aprili 1872 kilichoangamiza meli za Sultani Barghash pale Unguja.

Yoti yangu ni ya futi 34, ya mwaka 1986. Waya za mlingoti zinang'aa na fundi anasema ni nzima. Nizibadilishe?

Zilibadilishwa lini? Kama hujui, badilisha. Chuma cha pua hung'aa mpaka siku kinapokatika.

Ukitaka kuona mwenyewe, chukua bonge la pamba ulipitishe kwenye kila waya, toka juu hadi pale unapoingia kwenye shina lake la chuma. Pamba ikinasa, kuna unyuzi umekatika, na waya huo umekwisha hata kama nyuzi nyingine 18 ni nzima. Kisha likague shina kwa kioo cha kukuzia. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele unaoanzia mdomoni, wenye alama ya kutu ya kahawia. Maji ya chumvi hutuama humo kwa miaka, na ndipo waya nyingi hukatikia.

Usiishie hapo. Fungua mbao za ndani uone bamba na boliti zinazoshikilia waya hizo ubavuni. Mafundi wengi hawazigusi kwa sababu kuzifikia ni kazi ya siku nzima. Mlingoti ukianguka maili 400 kutoka nchi kavu, utaning'inia kwa waya zilizobaki ukiugonga ubavu wa yoti hadi uutoboe. Beba mkasi mkubwa wa kukatia waya, na uujaribu bandarini kwenye waya wa unene ule ule.

Hukuniuliza koki za chini ya maji, zile za kufungia matundu ya mabomba kwenye mwili wa chombo, lakini nakujibu. Fungua na ufunge kila moja. Iliyoganda itolewe, bomba la mpira lililopasuka libadilishwe, na kila bomba lifungwe klipu mbili. Kando ya kila koki funga kizibo cha mbao laini kwa kamba. Kazi yote hii ina gharama ndogo kuliko skrini mpya unayotaka kununua.

GPS gani nzuri?

Uliyonayo, na nyingine ndogo ya betri, pamoja na ramani ya karatasi na dira.

Redio ya VHF inatosha kuomba msaada?

Nimeshalijibu hili mara nyingi. VHF hufika upeo wa macho, maili 20 au 30. Katikati ya safari atakusikia tu aliye karibu. Nunua EPIRB ya megahezi 406, kifaa cha kutuma ishara ya dhiki kwa setilaiti, na uisajili, ili kituo cha uokoaji kijue kinatafuta chombo gani na kimpigie simu nani.

Maji kiasi gani kwa watu watatu?

Lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku 20: lita 240, yaani madumu 12 ya lita 20. Yasiwe kwenye tangi moja, maana likivuja au likiingia chumvi, yote yamekwenda. Mashine ya kusafisha maji ya bahari ni nyongeza tu, usiihesabu.

Upepo ukikosekana, niende kwa injini?

Kwa lita 100 na injini ndogo inayokula lita 2 kwa saa utapata kama maili 250. Zitunze za kuingilia bandarini. Safisha tangi kabla ya kuondoka, kwani mawimbi huibua uchafu wa chini ukaziba chujio. Beba machujio ya akiba.

Maharamia bado wapo?

Mashambulizi yalirudi mwishoni mwa 2023. Oktoba 2009 wanandoa Waingereza walitekwa kwenye yoti yao wakitoka Shelisheli kuja Tanzania, wakashikiliwa zaidi ya mwaka. Pitia kusini, wala usiruhusu mkondo ukupeleke kaskazini ya ikweta.

Naweza kwenda peke yangu?

Si safari ya kwanza. Hata mkiwa watatu, usiku aliye zamu ajifunge mkanda kwenye chombo kabla hajatoka nje, na kamba yake iwe fupi kiasi kwamba akianguka asifike majini. Wenzake wakiwa wamelala, hakuna atakayemsikia.